Kabati Lisilokaa Ukutani

Kabati la mama halikukaa ukutani hata siku moja.
Ukuta wetu ulipinda kama ubavu wa ng'ombe,
na nyuma ya kabati pakabaki mwanya
uliomeza vitu:
subana ya kushonea,
jino langu la kwanza,
barua ya mjomba Savié aliyekwenda vitani,
iliyoanguka kabla hatujapata wa kutusomea.

Hatukujiuliza kwa nini ukuta umepinda.
Mtaa mzima ulipinda.
Nyumba mia mbili zimejibana ndani ya duara la mawe,
makanisa mawili, kisima,
tanuri la mikate la Bartoumiéu.
Upepo wa kaskazini, ule unaotia watu wazimu,
ulipiga matao yetu ukarudi zake.

Kisha wakaja wenye kamba za kupimia.
Wakachora mlangoni msalaba wa chokaa;
jirani yangu akadhani ni baraka, akaubusu.
Kijana wa ofisi ya mji, glavu mkononi,
akanieleza polepole
kama anayemweleza mtoto habari ya msiba:
"Mama Nourado, hapa si nyumbani.
Hapa ni uwanja wa Warumi.
Walikaa watu elfu ishirini
kutazama wenzao wakichinjana."

Mwanangu, nikamwambia,
hao waliochinjana sikuwaona.
Mimi hapa nimezaa watano, nimezika wawili,
na shuka uliyolalia jana
nimeifua mimi.

Alicheka kidogo. Akaandika namba.

Bomoabomoa ilikula miaka.
Siku walipoangusha tanuri la Bartoumiéu
masizi yalitanda Arles nzima,
nguo zote nilizoanika zikarudi majini.
Ilipofika zamu yetu, wanaume wanne
walilitoa kabati kwa matusi,
na mwanya, baada ya miaka hamsini, ukaona jua.
Nikapiga magoti. Subana ilikuwapo.
Jino sikuliona.
Barua ilikuwa imeliwa na panya,
kimebaki kipande cha upana wa ukucha,
nami sijui kusoma.
Nikampa yule kijana.
Akavua glavu, akakisogeza kwenye mwanga.
"Viatu," akasema.
Basi?
"Basi, mama. Viatu."

Sasa nakaa ng'ambo ya mto,
kwenye kuta zilizonyooka.
Kabati limekaa sawasawa, halimezi kitu.

Siku ya sherehe walitufungulia uwanja.
Ulikuwa mtupu, umekwanguliwa kama mfupa wa supu.
Nikapanda, nikakalia jiwe,
nikahesabu matao kutoka lango la kaskazini.
La tisa. Ile hewa pale juu, kilikuwa kitanda.
Ule mchanga chini yake, jiko.

Wakamwachia fahali mweusi wa vinamasi vya Camargue.
Watu wakasimama, kofia zikaruka.
Akapita kwa Bartoumiéu,
akazunguka kisima kisichokuwapo,
akaingia jikoni kwangu bila hodi,
akasimama palepale nilipokuwa nikiweka ndoo,
anahema, hajui aelekee wapi.

Nilibaki nimekaa, peke yangu katika umati ule.
Karibu, nikamwambia,
kwa mazoea tu.