Alhamisi

Hataki redio. Hataki kioo kishushwe hata unene wa kidole.
Indiketa anaipenda: tik, tik, tik,
kwa hiyo nimeiacha iwake tangu Comodoro,
na madereva wa malori wanaotupita wananipigia honi na kunitukana,
wakidhani nakata kushoto
kuingia nyikani, ambako hakuna kitu
ila vichaka, uzio, na upepo unaosukuma pikapu
kama mdai anayesukuma mlango.

Nyuma kuna cherehani ya mama,
masanduku mawili, godoro lililofungwa kamba.
Mama tumemzika Jumatatu. Fermín hakulia.
Alichutama kaburini akilipanga shada
hadi kila ua likaangalia upande mmoja.
Shangazi Ofelia akaninong'oneza: "Unaona? Hana habari."
Nami niliyefika mazishi yakiwa nusu,
vumbi la Rosario bado viatuni,
nikaitikia kwa kichwa, kama mjuzi.

Usonji, aliandika daktari, mdogo wangu akiwa na miaka minne.
Baba alitumia neno jingine, kisha hakutumia lolote,
kisha akaomba kazi kwenye kisima cha mafuta kilicho mbali kuliko vyote.
Mimi nilifuata nyayo zake, nikaziita masomo.

Guanako watatu wanaruka uzio.
"Tazama, guanako," nasema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto.
Ana miaka ishirini na tisa.
"Wa nyuma anachechemea," anasema.
Sikuwa nimeona.

Garayalde tunasimama: petroli, choo, maji ya moto.
Kwetu chai chungu hunywewa kibuyu kimoja, mrija mmoja,
mkono kwa mkono; anayeukataa mrija ameukataa undugu.
Fermín hajawahi kuugusa wa mtu. Chai yenyewe inaitwa mate,
na hayo hasa ndiyo anayoyaogopa.
Mama alizoea. Mimi nilikuwa naona haya mbele ya wageni.

Anafungua begi lake, anatoa vibuyu viwili.
Kimoja anakisogeza mezani hadi kinagusa kidole changu.
"Chako."
Ni kile nilichokiacha juu ya friji, ukingo umepasuka.
Kisafi. Mrija wake hauna kutu.
"Nakiosha Alhamisi."
"Kwa nini Alhamisi?"
Anaitazama saa ya ukutani, hanitazami mimi.
"Ulisema utarudi Alhamisi."

Niliyasema hayo mlangoni, begi begani,
kama mtu anavyomwambia mwenye duka "kesho".
Miaka kumi na moja. Zihesabu wewe hizo Alhamisi;
mimi nimeshindwa, na yeye hakuzihesabu
(watu hudhani kichwani mwake mna kikokotoo).
Aliosha tu.

Chai iliniunguza ulimi. Nikanywa ya pili.

Ndani ya dashibodi imo bahasha ya ile nyumba ya Trelew:
bustani, ratiba, chumba kinachopata jua la asubuhi.
Sijamwambia. Tangu alfajiri natunga sentensi,
zote zinaanza na "Unajua, Fermín,"
zote zinafia hapo.

Tulikuwa tumeshaondoka, kama nusu saa hivi.
"Fomu ina kosa," akasema.
"Fomu gani?"
"Kwenye tarehe ya kuzaliwa. Umeandika tarehe nne Agosti.
Tarehe nne Agosti ni wewe."

Nikaegesha kando, juu ya changarawe.
Upepo ukatutikisa mimi na yeye kwa kipimo kilekile.
Nilitaka kumshika bega; nikakumbuka;
nikaweka mkono juu ya kiti, katikati yetu, viganja viwili mbali naye.
Akautazama mkono muda mrefu, kama kitu kilichosahauliwa na abiria.
Hakuusogeza.

"Leo siku gani?" nikauliza, ingawa nilijua.
"Jumatano," akasema. "Umewahi."

Barabara ilikuwa tupu, mbele na nyuma.
Indiketa bado ilikuwa inasema kushoto.