Kusikia Harufu

Jumamosi, saa tatu kasoro, Mtaa wa Tisa, Philadelphia.
Theluji ya juzi imegeuka tope
na foleni ya duka la Petracca
imefika kwa muuza kaa.
Namba yangu themanini na saba.
Wanahudumia sitini na mbili.

Ndani, dari haionekani.
Provoloni zinaning'inia kwa kamba, nzito
kama soksi zilizojazwa mchanga;
mapaja ya nguruwe, makavu, kila moja na kikombe chake
cha kukinga mafuta;
na makopo ya nyanya yamepandana hadi juu ya mlango
kwa imani ambayo sisi mafundi bomba hatuna.

Delfina wangu hasikii harufu tangu mwezi wa tatu.
Yalianza mafua. Mafua yakaondoka,
yakaondoka na pua.
Kahawa, anasema, ni maji ya moto yenye hasira.
Gorgonzola ni sabuni.
Na mimi, baada ya siku nzima chini ya masinki ya watu,
napanda kitandani bila kufukuzwa,
na hilo ndilo linaloniuma.

Orodha kaandika mwenyewe:
rikota, nusu ratili. Akaikata.
Pekorino. Akaikata.
Zeituni, zile chungu. Akazikata.
Chini kabisa: *Leta chochote.*
Chochote!
Mwanamke aliyewahi kurudisha mozarela
mara mbili kwa siku moja.
Nilitoka nyumbani bila kofia.

"Themanini na saba!"
Itzel yuko kwenye mashine ya kukatia nyama,
vipande vinamdondokea kiganjani
vyembamba hata unaona mistari ya mkono wake.
Mzee Nunzio ananitazama juu ya miwani.
"Delfina yuko wapi?"
"Ametia ulimi puani," nikasema,
"na hata ulimi haukukuta kitu."

Hakunipa pole.
Alifuta mikono, akazunguka kaunta,
akainama mbele ya gurudumu la parmijano
kubwa kama tairi la gari dogo,
akatoa nyundo ndogo mfukoni mwa aproni.
Akagonga kama mgeni mwenye adabu:
mara tatu, akangoja.
Akasogea shubiri moja. Akagonga tena.
Watu themanini na ngapi sijui wakanyamaza.

"Umesikia?"
Nilisikia. Miaka thelathini na mmoja
nagonga kuta za watu nikitafuta maji yaliyopotea;
najua ukuta unaoitika karibu
na ukuta unaoficha jambo.
Hili liliitika lote, toka ganda hadi moyo.

"Hili lina miaka mitatu," akasema.
"Lina chembe. Zinalia menoni.
Mpe kinachopiga kelele."
Akanipakia vijiti vya mkate mkavu,
lozi zenye maganda,
na pakiti mbili za tambi ndefu.
"Mwache azivunje," akanong'ona,
akitazama kushoto na kulia,
maana tambi hazivunjwi, kila mtu hapa anajua,
na mama yake, marehemu, bado ana picha juu ya mashine ya fedha.

Jikoni, Delfina akauma.
Akasita. Akauma tena, taratibu,
akafumba macho kama zamani.
"Kama mtu anatembea juu ya changarawe," akasema.
"Anakuja au anaondoka?"
"Nyamaza, nisikilize."

Akala kipande kizima, tumekaa, sahani katikati,
redio imezimwa.
Kisha akavunja tambi, mkono mzima, *kraa*,
akacheka hadi akashika meza.

Usiku nikapanda kitandani.
Akanisukuma kwa mguu.
"Nenda kaoge."
Nikaketi wima, moyo mbio. "Unasikia?"
"Hapana," akasema gizani.
"Nakumbuka."