Goti la Kushoto

Miaka kumi na tisa goti hili limepiga magoti
juu ya kipande cha ndala, kwenye chukudu,
toka Kibumba na viazi hadi soko la Virunga.
Gegedu limekwisha.
Mfupa wasaga mfupa, hata unga hautoki.

Daktari Nzigire anachora nyuma ya bahasha ya picha:
uboho wa nyonga yako, Paluku,
seli changa zisizojua bado zitakuwa nini,
zipandwe katika kiunzi chenye vitundu,
nacho kiyeyuke zikishajijenga.
"Hapa Goma, bado." Anaikunja bahasha.

Ukuta wa hospitali ni mawe ya volkano,
vitundu tele,
na katika kitundu, jani.
Hakuna aliyelipanda.

Naweka goti la kulia juu ya ndala.
Halijazoea.