Wa Kwanza Kupanda, Wa Mwisho Kushuka

Saa kumi na moja na dakika arobaini, alfajiri,
Duluth bado haijafumbua jicho.
Naliwasha basi namba kumi na nne:
linakohoa, linatema moshi, linakubali.
Upande wa kushoto ziwa ni giza lililolala chali,
na chumvi ya barabarani inatafunwa na magurudumu.

Karatasi ya njia ilibadilishwa Jumanne.
Bwana Pelkey wa ofisi ya elimu aliandika kwa kalamu,
herufi zake zimelalia ubavu kama nyasi za upepo:
“Moteli ya Birchline, mlango wa nyuma, mtoto mmoja.”
Kisha maneno mawili, mstari chini yake:
“Kwanza. Mwisho.”
Nikauliza, mbona nizunguke maili kumi na moja?
Akavua miwani. “Akipanda kabla ya wote,
akishuka baada ya wote,
nani atajua anapolala?”
Nikanyamaza.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
basi kata ni mimi.

Odessa Thibault, darasa la nne.
Koti la kaka yake, mikono imekunjwa mara mbili.
“Bi Salo, leo umechelewa dakika mbili,”
aniambia, na kweli nimechelewa.
Anakaa nyuma yangu, magoti juu, kitabu juu ya magoti,
anasoma kwa taa ya dari niliyokatazwa kuiacha ikiwaka.
Naiacha.

Tangu Septemba: sebule ya shangazi,
mpaka mwenye nyumba alipohesabu viatu mlangoni.
Gari la mama, nyuma ya duka la magodoro,
vioo vikilia jasho usiku kucha.
Makao ya kanisa, siku thelathini,
si thelathini na moja.
Sasa moteli.
Malazi manne, shule ile ile,
dawati lile lile linalocheza mguu mmoja,
ndoano ile ile ya koti, jina lake juu yake,
gundi haijabanduka.

Kwenye mkutano wa bajeti mtu alisimama, tai shingoni:
“Basi zima, mafuta yote hayo, kwa mtoto mmoja?”
Nilikuwa safu ya nyuma, mikono inanuka dizeli.
Nilitaka kusema: sheria ipo, imeandikwa,
ila sheria haina leseni ya kuendesha basi.
Sikusema. Nilitazama viatu vyangu.
Hilo bado linaniwasha.

Wiki iliyopita mwalimu aliwapa kazi:
chora ramani, kutoka nyumbani hadi shuleni.
Odessa alichora siku tatu, basi likimtikisa,
ndiyo maana barabara zake zina mawimbi.
Akanionyesha tukiwa kwenye taa nyekundu.
Nyumba ya Halvorson, mlango wa buluu, ngazi iliyovunjika.
Mapacha wa Kowalczyk na mbwa wao asiyefungwa.
Ghorofa ya Pakou Vang, dirisha la tatu,
bibi yake anayepunga mkono mpaka basi lipotee.
Nyumba ishirini na sita, hakusahau hata moja.
Asubuhi kawaona wote wakitoka,
jioni kawaona wote wakipokelewa.
Yeye anazijua nyumba zao zote;
yake hakuna anayeijua.

“Na hapa?” nikauliza.
Pembe ya chini, pale moteli ingekaa,
karatasi ilikuwa imekunjwa,
imebanwa kwa ukucha, mkunjo mkali.
“Hapo,” akasema, “hapakutosha.”
Taa ikageuka kijani. Nyuma yetu mtu akapiga honi.

Leo Ijumaa, karatasi mpya ya njia mezani.
Birchline imefutwa.
Herufi zilizolalia ubavu, mahali pengine,
ng’ambo ya daraja, maili kumi na nne.
“Kwanza. Mwisho.”
Safari hii hakupiga mstari.
Nimerudisha kengele ya saa yangu
dakika kumi nyuma,
nikaweka balbu mpya kwenye taa ya dari.