Mti Unaozama

Kabla hajaiona Mtwara, alikuwa ameilalia.
Kollam, ghalani: magunia ya korosho ghafi
yamepigwa chapa ya jina hilo kwa wino mweusi,
na mtoto wa mbanguaji hana godoro jingine.
Mafuta ya ganda yalimla mama yake vidole,
hata siku mwanawe alipoitwa Daktari wa Fizikia
alimpapasa uso kwa ncha zisizo na alama.

Gopinathan Kurup. Sisi tulimwita Kurupu.
Newala, mwaka wa sabini na sita,
maabara ina mizani moja kabatini
na ufunguo wa kabati uko Masasi.

Kiswahili chake kilichechemea.
"Maji hapandi bure," alisema,
darasa zima tukamdaka: hayapandi, mwalimu, hayapandi!
Akaandika ubaoni, akapigia mstari.
Kisha akaniuliza, Somoe, mama huteka wapi?
Bondeni.
Debe moja?
Moja.
Akakokotoa kwa chaki iliyobaki kama jino:
kilo ishirini, mita mia nne za mlima,
juli elfu themanini,
"bila kuhesabu mtoto mgongoni."
Tulinyamaza.
Hakuna aliyewahi kumpa mama yangu tarakimu.

Usiku aliandika jinsi nuru inavyotawanyika,
koroboi ikimpaka masizi puani.
Wenzake wa chuo walikuwa kwenye mitambo ya Ulaya;
waliuliza, lini utarudi kwenye fizikia?
Barua zao alifungia chaki, zisinyonye ukungu.
Mchwa nao walisoma sura ya tatu,
wakaimaliza kabla yake.

Ikafika siku ya kuelea na kuzama.
Mti huelea, alisema. Chuma huzama.
Tukatazamana.
Ntauka, baba yake mchonga vinyago,
akatoa mfukoni kibanzi cha mpingo,
akakidondosha ndani ya bilauri.
Kikaenda chini bila hata kuaga.

Kurupu alivua miwani.
Akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena,
akainama mpaka pua ikagusa glasi.
Halafu akacheka
kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoidai.
Akamwita mpishi aje aone.
Akamwita mkuu wa shule.
Akafuta ubao wote, hata tarehe.
"Mti huyu," akasema, "hajasoma kitabu yangu."
Siku hiyo hatukumrekebisha.

Mkataba uliisha mwaka wa themanini na mmoja.
Aliondoka na sanduku la bati, na kibanzi kile mfukoni.
Forodhani walimuuliza thamani yake;
sijui alijibu nini.
Miaka mingi baadaye binti yake aliniandikia:
alifundisha mpaka macho yalipogoma,
bila malipo, watoto wa wabanguaji,
ndani ya ghala lililofungwa.
Kwenye picha, dirishani, ipo bilauri.
Nimeitazama kwa lenzi. Chini kuna kitu cheusi.
Huenda ni kivuli.

Mimi nafundisha chumba kilekile.
Funguo sasa ninazo nane.
Bomba limefika, na siku nyingine hata maji yamo.
Kila mwaka nazamisha mpingo,
na kila mwaka wanapiga miayo,
maana kaka zao walishawasimulia.

Jumanne iliyopita mtoto wa Msimbati, mgeni,
sare bado ina mikunjo ya dukani,
aliinua mkono nusu.
Kwetu pwani, mwalimu, kuna jiwe linaelea.
Darasa likaangua kicheko.
Alilitoa ndani ya soksi,
la kijivu, limejaa matundu
kama andazi lililoumuka vibaya.
Akalitua juu ya maji kwa vidole viwili,
akarudisha mikono nyuma.

Nikavua miwani.