Karibu Mgen

Kila nilipofungua lile dirisha jeusi
lilinipokea kama karani wa chifu, Ijumaa, saa kumi jioni:
jina langu, alama ya dola, kielekezi kinapepesa,
na juu yake, kwa herufi ndogo,
*mara ya mwisho kuingia: Jumanne, saa nane usiku.*
Hata hujambo hakuna.

Mimi hulinda mashine za watu nisiowajua,
usiku, hapa Mbale, katika chumba cha nyuma cha Mama,
mvua ikipiga mabati hadi simu haisikiki.
Nikasema: mlango ni wangu, nitaupamba.

Nikaanza jogoo.
Jicho, nikampa herufi o.
Mdomo, ile alama ya kubwa-kuliko.
Kilemba, vinyota vitatu.
Kifua, bano la kufunga, limefura
kama diwani aliyepita bila kupingwa.
Mkia ni mikwaju, mmoja umelalia kulia,
mwingine kushoto, mwingine tena kulia.
Nikahifadhi. Nikafunga. Nikafungua.
Jogoo akaja amekatika mkia.

Mama aliingia na chupa ya chai,
miwani imefungwa kwa uzi sikioni.
"Mstari wa saba," akasema. "Umeruka tundu."

Hajui amri hata moja.
Lakini kwa miaka thelathini amefuma vitambaa
vya makochi ya nusu ya mji huu,
tausi, njiwa, waridi la matundu mia mbili,
akihesabu kwa midomo: uzi, uzi, tundu, uzi.
Kile cha ukutani kwetu kinasema KARIBU MGEN,
kwa sababu uzi mwekundu uliisha
na wageni walikuwa wamefika getini.
Ile I haikuwahi kuongezwa.

Nikamweleza: mkwaju wa kinyume, Mama, mashine huumeza.
Ukiandika mmoja, haupo.
Lazima uandike miwili
ndipo mmoja ufike kiooni.
Akacheka. "Basi nayo ina adabu zake.
Mimi nikipikia mgeni mmoja
napima unga wa wawili.
Wa kwanza huliwa na njaa ya njiani."

Tukakaa, yeye anahesabu, mimi nagonga.
Akanionyesha kwamba nafasi tupu nayo ni kazi,
ukiipuuza ndege mzima anainama.
Akauliza kama herufi zote zina upana mmoja.
Zina, nikasema, i na m zinalala kitanda sawa.
"Vizuri. Zile za gazeti hazifumiki."

Saa saba na robo jogoo akasimama.
Chini yake, herufi zenye kimo cha mistari sita:
KARIBU MGEN.
Mama akanitazama.
Nikaacha hivyo hivyo.

Kisha akauliza,
Lung'aho akiingia, kule Doha, atamwona?

Nilimfungulia kaka yangu jina humu mwaka juzi.
Nikamtumia neno la siri,
akajibu kwa picha ya kidole gumba.
Atamwona, nikasema. Akiingia tu.
Sikumwambia kuna amri
inayoorodhesha waliopita mlangoni:
mimi, mimi, mimi, usiku baada ya usiku,
na kando ya jina lake
mashine, isiyojua kumpoza mtu,
huandika *hajawahi kuingia*.

Chai ilikuwa imepoa.
Mama aliinamia kioo
akamgusa jogoo mguuni kwa ukucha,
pale nilipoweka vistari viwili.
"Huyu hana chakula," akasema.
"Ataondoka. Mwekee mahindi."

Nikamwekea nukta. Tano, zikawa saba.
Akatikisa kichwa.
"Zitawanye, Khavere.
Mahindi hayapigi foleni."