Senti Kumi Kumi

Jumbe sitini na tatu, senti kumi kumi,
jumla dola sita na senti thelathini,
na jina langu juu, limepigwa chapa bila kosa:
Eino Rantala, Mtaa wa Bay, Thunder Bay.

Mimi, ambaye simu yangu hulala garini
ndani ya soksi ya sufu, pamoja na koleo na mshumaa,
ikingoja siku theluji itakaponinasa njiani.
Mimi, ambaye nusu ya gumba langu la kulia
ilibaki kwenye mlango wa behewa mwaka sabini na moja.

Nikapiga. Muziki. Nikabonyeza mbili. Muziki.
Kahawa ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena.
Hatimaye kijana, sauti ya mafua, akajiita Corbin:
"Mzee, mfumo haukosei."

Usiniambie mimi habari za mfumo.
Miaka thelathini na moja nimesimama mizanini
katika ghala la nafaka, hapo kando ya ziwa,
nikipima ngano ya Saskatchewan behewa kwa behewa.
Nimeona barafu nyembamba kama ganda la kitunguu
ikijibanza chini ya bamba la chuma
na kumwibia mkulima magunia mawili,
huku mshale umetulia kama shahidi aliyeapishwa.
Mizani haidanganyi, Corbin. Hudanganywa.
Ndiyo maana tulikuwa tukishuka chini na tochi.

Akanyamaza. Nikasikia vidole vyake vikichapa.
"Hukutuma," akasema. "Ulipokea.
Kupokea nako kunalipiwa."

Haya! Mtu akirusha mawe kwenye bati langu
nitozwe mimi kwa kila kishindo?

"Umezisoma?"

Sikuwa nimezisoma. Sikujua hata mlango wake uko wapi.
Nikamlaza Corbin juu ya gazeti,
nikatoka na ndara, baridi ikiniuma vifundo,
nikaivua simu soksi yake.
"Bonyeza hapo," akanielekeza. "Shuka. Shuka tena."

Denise, ufunguo uko pale pale.
Denise, nimefagia theluji kwenye gari lako. Haliwaki, lakini lipo.
Denise, mbwa amekula leo.
Mama yako kapiga. Sikumwambia kitu.
Denise.
Hiyo peke yake. Senti kumi.
Nikashuka hadi ya mwisho, ya Jumanne:
Basi, usijibu.

"Nakurudishia zote," akasema Corbin.
"Na hiyo namba inayokusumbua, niizibe?"

Nilikuwa nimeshinda. Nilipaswa kusema ndiyo.
Nikamwambia subiri,
kama nilivyokuwa nikimwambia dereva wa treni
mshale ukiwa bado unatikisika.

Usiku nikaketi na miwani na lile gumba langu nusu.
Redioni walikuwa wakicheza magongo ya barafuni;
kipindi kizima cha tatu kikapita, wakafungwa wenyeji,
nami nikitafuta herufi moja moja kama punje sakafuni:

Mimi si Denise. Namba hii nimepewa Oktoba.
Hakukunyamazia. Hakuzipata.
Mbwa anaitwaje?

Bili ya Machi: umetumwa mmoja, umepokelewa mmoja.
Senti ishirini.
Nikaikagua mara mbili, kwa kalamu, kama kawaida yangu,
nikalipa. Sikumpigia Corbin.